Dubu Ambaye Hakuwepo

Mutiso alifariki Jumanne, na kufika Jumatano mchana watu watatu walikuwa wameshanisimulia habari za dubu. Wa kwanza alikuwa kijana niliyemkuta akipanga viti sebuleni kwa marehemu, pale Riverdale Park. Mwaka ule wa dubu hakuwa hata amezaliwa, lakini aliniuliza kwa heshima zote kama ni mimi Zuhura yule. Nikamwambia ni mimi. Akanieleza mwenyewe mambo yangu: kwamba nilikuwa msituni kule milima ya West Virginia nikichinja kulungu, likatokea dubu jeusi kubwa kama friji, likasimama kwa miguu miwili, nami nikachomoa bastola niliyopewa na marehemu nikafyatua mara moja, dubu akala kona. Wa pili alimwongezea dubu watoto wawili. Wa tatu alisema nilisoma dua kwanza. Nimeyasikia haya kwa zaidi ya miaka ishirini, harusini, kwenye vikao vya chama, hata kwenye foleni ya pasipoti, na kila mara nimetabasamu nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Hapakuwa na dubu. Naliandika hilo mapema nisije nikajizungusha mpaka karatasi ikaisha. Siku ile risasi yangu ilimkosa Mutiso mwenyewe, kwa upana wa vidole vitatu, na dubu alizaliwa dakika chache baadaye kinywani mwa Mutiso huyo huyo. Tulikuwa wawili tunaojua. Jumanne nikabaki peke yangu. Na Jumatano hiyo mkewe, Mama Ndinda, alinishika mkono jikoni kwake, macho yamemvimba, akaniomba nisimame kanisani Jumamosi niwahadithie watu habari ya dubu, kwa sababu marehemu aliipenda na hakuna anayeijua kama mimi. Nilimjibu, "Sawa, dada." Nilipofika garini nilikaa muda mrefu kabla ya kuwasha. Nikisimama na kudanganya, nitakuwa nimemdanganyia mtu ndani ya jeneza lake. Nikisimama na kusema kweli, nitamwambia mjane siku ya maziko kwamba nusura nimfanye mjane miaka ishirini kabla ya siku yake.

Mwaka wenyewe ulikuwa wangu wa tano Marekani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepanga Langley Park na wasichana wengine wawili, kwenye nyumba ya ghorofa ambayo siku hizi ukipita unaona mbele yake vyuma na mchanga wa hiyo reli yao isiyoisha kujengwa. Chumba kilikuwa kimoja na vitanda vitatu. Tulitundika nguo kwenye bomba la joto, na jirani wa chini, mama wa Guatemala, alikuwa akipika mahindi saa kumi na moja alfajiri, harufu inapanda ndani ya blanketi langu mpaka namlilia mama. Nilifanya kazi kwenye kituo cha wazee, wale wanaoletwa asubuhi na kurudishwa jioni. Kuwaosha, kuwalisha, kucheza nao karata, kusikia habari za vita walivyopigana. Mutiso ndiye aliyekuwa dereva wa kibasi kilichowaleta. Mkamba, wa karibu miaka arobaini, mrefu, mwenye masihara ya taratibu. Siku ya kwanza kunisikia nikizungumza na simu alinyamaza kando mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Nyinyi Watanzania jameni. Umembembeleza huyo mtu dakika kumi ndio umwombe namba." Nikamwambia na nyinyi Wakenya mnaomba maji kama mnakamata mwizi. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kwao kila Jumapili.

Kwao palikuwa na sheria moja: sufuria moja. Mama Ndinda, nesi wa hospitali, mwanamke wa kanisani hasa, alisema hawezi kuwa na nyumba ambamo wageni wanagawanywa kwa sufuria, huku nyama ya Wakristo, huku ya Waislamu, kama wodi. Atakayekuja atakula kilichoko, na kilichoko lazima kila mtu akiweze. Kuku alimnunua halali na hakuona tabu. Tabu ilikuwa kulungu. Mutiso alikuwa mwindaji. Kila vuli alikwenda milimani kuwinda wale wanyama ambao sisi tuliwaita kulungu kwa kukosa jina lingine, na nyama yake ilikuwa ikiliwa na nyumba nzima kila Jumapili mpaka Februari: imekaushwa, imetiwa kwenye muthokoi, yale mahindi yao ya kukobolewa, imepikwa mchuzi wa nazi ya kopo. Ili iingie sufuria moja, ilibidi mnyama achinjwe na Mwislamu kabla roho haijatoka. Akifa kwa risasi kabla kisu hakijafika, ni kibudu, na Mama Ndinda hakipiki. Nyumbani jambo hili kila mtu analijua. Bwana harusi Mkristo anamwita mchinjaji Mwislamu, wageni wote wanakula, yamekwisha. Lakini nyumbani ng'ombe amefungwa kamba. Kulungu wa milimani amepigwa risasi ya mapafu anakimbia, na mchinjaji anakimbia nyuma yake.

Hapo ndipo bastola inapoingia. Mwenye bunduki hubaki nyuma, juu ya kiti chake cha mtini, na mchinjaji ndiye anayetangulia vichakani, peke yake, na kisu, kumfuata mnyama anayevuja damu. Na dubu weusi wa kule, alivyoeleza Mutiso, hawana shida na mtu, ila pua zao zinasikia damu kutoka bonde la pili, na wamekwisha kujua kwamba penye mlio wa bunduki kuna matumbo yatakayotupwa. Kwa hiyo mchinjaji alivaa bastola kifuani, kwenye ala ya ngozi, mali ya Mutiso, nzito, ya risasi sita, ya aina ile ya kuzungusha. Kwa miaka mitano mchinjaji alikuwa Mzee Seif wa Tanga, mpishi wa nyumba ya balozi mmoja, mtu wa kofia na manukato, na katika miaka hiyo mitano bastola hakuitoa hata mara moja. Alisema inamkanda kifua tu.

Mwaka ule, mwezi wa pili, Mzee Seif aliteleza kwenye barafu akavunja goti. Goti lilipona vibaya. Kufika Agosti ilijulikana kwamba kukimbia kwake kumekwisha. Nakumbuka Jumapili ile vizuri. Nilikuwa jikoni nachagua mchele kwenye ungo ambao Mama Ndinda aliuleta kutoka Machakos ndani ya sanduku la nguo, na wanaume walikuwa sebuleni, mlango wazi.

"Sasa nani atachinja?" Mutiso aliuliza.

"Tutafute kijana wa Kisomali," alisema Mzee Seif. "Wapo wengi."

"Zuhura je?"

Nikaacha kuchagua mchele.

"Mwanamke?" alisema Mzee Seif.

"Si umesema lazima awe Mwislamu? Zuhura ni nini, Mbudha?"

"Mwislamu ni Mwislamu, bwana, sikatai. Lakini mwanamke, porini, na kisu..."

Nikatoka na ungo wangu mkononi. "Shikamoo mzee. Ni haramu?"

"Marahaba mwanangu. Si haramu. Haramu si haramu hata kidogo. Ila..."

"Ila nini?"

"Ila sijapata kuona."

"Basi mwaka huu utaona, Mungu akipenda. Na ukiona haya, ufumbe macho."

Mama Ndinda alicheka mpaka akashika sinki. Mimi nilirudi kwenye mchele nikachagua upya niliokwisha kuuchagua, maana nilikuwa nimesema nitakwenda, na sikuwa nimefikiri kama nataka. Kuchinja nilijua, kuku, mbuzi na hata ndama. Nilijifunzia wapi ni habari nyingine, siisemi hapa. Lakini nilikuwa na kiburi cha umri ule. Nilikuwa nimechoka kuosha wazee na kuitwa "mpenzi" na wasimamizi waliosahau jina langu. Nilitaka kitu kimoja ambacho watu wakinitaja wakitaje.

Nikasoma darasa la wawindaji, jioni nne kwenye ukumbi wa kituo cha zimamoto, mwanamke peke yangu mwenye mtandio. Nikapata leseni. Jumamosi tukawa tunakwenda uwanja wa shabaha, Mutiso na mimi, naye alikuwa na kasoro moja kubwa: alipenda kufundisha. Alirudia jambo moja mpaka nikaliota. "Sikiza Zuhura. Sauti si dubu. Ukisikia sauti, simama, ongea. Hii kitu unaitoa kwa kile umeona, si kwa kile umesikia. Na kabla uingie kichaka, piga hodi."

"Nimpigie dubu hodi?"

"Mpigie kila mtu. Kama ni dubu, ataondoka. Kama ni mtu, ataitikia karibu. Wewe ni Mtanzania, hodi si ndio kazi yenu?"

Nilicheka, na nilijifunza. Nikawa napiga karatasi katikati tano kwa sita. Lakini kuna jambo hakuna aliyenifundisha, nami nimelielewa uzeeni. Ile bastola ilinibadilisha masikio. Kabla ya kuivaa, nikitembea kwenye miti ya Greenbelt na Mutiso kufanya mazoezi ya kufuata nyayo, nilisikia majani, kindi, ndege. Nilipoanza kuivaa, kila kilichotikisika kiliulizia bastola. Uzito ule kifuani ulikuwa unaniambia saa zote kwamba dubu yupo, la sivyo kwa nini ningeubeba? Mzee Seif aliivaa miaka mitano akaisahau kwa sababu alikuwa hana cha kuthibitisha. Mimi nilikuwa nacho kingi. Siwalaumu wanaobeba, ningerudi kule leo ningebeba. Lakini ningemwambia kijana yeyote kwamba siku utakayoivaa kwa mara ya kwanza ndiyo siku uliyo hatari kuliko dubu.

Msimu ulipofika tulikwenda watatu, kwa gari la Mutiso, saa tatu na nusu za barabara, chapati kwenye karatasi ya fedha, chai ya tangawizi kwenye chupa. Mzee Seif alikuja hata na goti lake. Alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na gari, mguu juu ya mto, dira yake mkononi, akingoja kutuambia kibla kiko wapi na kukagua nyama. Tulimwita Mufti wa Parkingi. Safari ya kwanza Mutiso alipiga dume zuri. Nilifuata damu kama nilivyofundishwa, nikasimama kila kichaka, nikapiga hodi kwa sauti, nikangoja, nikapita. Nilipofika, mnyama alikuwa amekufa, jicho limekauka. Mzee Seif alichechemea mpaka pale akaligusa lile jicho kwa jani la nyasi, akanyanyuka, akasema neno moja tu. "Kibudu." Nyama yote ikapewa mzungu mwenye nyumba tuliyopanga kulala kule milimani. Safari ya pili nilipoteza alama za damu kwenye maji, nikachelewa tena. Mara hii Mzee Seif hakusema hata neno hilo. Alishusha pumzi, akamwangalia Mutiso, na pumzi ile iliniuma kuliko tusi. Jumapili iliyofuata Riverdale Park tulikula kuku. Nikiwa naosha vyombo nilimsikia mgeni mmoja akimwambia mwenzake sebuleni, "Si walimpa mwanamke kisu," wakacheka, si kwa ubaya. Nilisugua sufuria ile mpaka ikang'aa.

Safari ya tatu ilikuwa ya mwisho kwa mwaka ule, na nilikwenda nimeapa moyoni kwamba sitachelewa. Asubuhi ilikuwa na sakitu, umande ulioganda mweupe juu ya majani. Mutiso alipanda mtini kwake. Mimi nilikaa chini ya mwamba, hatua kama mia mbili hivi, kisu kiunoni, bastola kifuani, koti la rangi ya chungwa juu ya kila kitu kama sheria inavyotaka. Mapatano yalikuwa yale yale: akipiga, yeye habanduki mtini mpaka anisikie nikiita. Jua lilipoanza kugusa vilele, bunduki ikalia. Nikaondoka mbio. Baina yangu na yeye palikuwa na vichaka vya yale majani magumu yasiyopukutika, vimefumana mpaka huoni miguu yako. Kwenye kichaka cha kwanza mdomo ulifunguka kupiga hodi, na ninakumbuka, naapa ninakumbuka, nikijiambia: hodi tatu, na kungoja, ndizo zilizokuchelewesha mara ya kwanza. Nikafunga mdomo. Nikapita kwa magoti, kimya.

Upande wa pili nilisikia mguno. Mguno mzito, wa kitu kinachovuta kingine. Nikachomoa. Nikapenya jani la mwisho, na hatua tano mbele yangu palikuwa na dubu juu ya kulungu wangu. Hapa sitaki kujirahisishia. Watu husema waliona kitu cheusi wakakisia. Mimi sikukisia, nilimwona dubu, mgongo wake, masikio yake mawili ya duara, nikamwona akimburura mnyama wangu kwa shingo. Nikafyatua.

Dubu akasema, "Zuhura!"

Kwanza niliona soli za viatu. Kisha sweta nyeusi ya sufu, aliyofuma Mama Ndinda. Kisha Mutiso mzima, amekaa kwenye majani, mkono umefunika sikio la kushoto, mdomo wazi. Nyuma yake mti ulikuwa umechubuka gome, mweupe, usawa wa kichwa chake. Bastola sikuiangusha. Niliirudisha kwenye ala taratibu kabisa, nikafunga kifungo chake.

Kumbe kulungu alikuwa ameanguka chini ya mti wake pale pale, uti wa mgongo umevunjika, hawezi kukimbia, anapiga miguu ya mbele tu. Mutiso alimwangalia kutoka juu akashindwa kuvumilia. Akaitundika bunduki, akashuka. Akavua koti lake la rangi ya chungwa akamfunika mnyama macho, kwa sababu Mzee Seif alikuwa amemfundisha kwamba mnyama asikione kisu. Na alipoona nachelewa kufika, akaanza kumgeuza aelekee kibla, ili nikifika nisipoteze hata dakika. Mkristo yule, Mkamba wa watu, alikuwa amepiga magoti kwenye sakitu akimwelekeza kulungu Makka kwa ajili yangu. Hata kuniita hakuniita, asimtishe mnyama.

"Umeumia?" nikamuuliza. Akaangalia midomo yangu. Nikarudia.

"Linalia tu. Litatulia." Kisha akasema, "Zuhura, bado anapumua. Maliza kazi."

Nikachinja. Alishika miguu, nami nikasema bismillahi na mikono ikajua yenyewe la kufanya. Lilikuwa chinjo safi kuliko yote niliyopata kuchinja. Tulikuwa bado tumepiga magoti tuliposikia Mzee Seif akipanda mlima, na fimbo na goti lake, akiita majina yetu kwa sauti ya kulia. Alikuwa amesikia bastola. Mutiso alinigeukia haraka.

"Usaili wako wa uraia ni mwezi ujao?"

"Ndiyo."

"Basi nyamaza."

"Kaka Mutiso, nimekupiga risasi."

"Hujanipiga. Umenikosa. Hakuna mtu ameumia, kwa hivyo hakuna stori. Huyu mzee akijua, Jumapili watu wote wamejua, na Jumatatu askari wa wanyama wamejua. Nyamaza, mimi nitaongea."

Mzee Seif akatokea, kofia imepinda, jasho linamtoka kwenye baridi ile. "Kuna nini? Nani kapigwa?"

"Dubu," alisema Mutiso.

"Dubu! Mkubwa?"

Mutiso alinitazama mimi, mara moja tu. "Mkubwa."

Jumapili ile nyumba ilijaa mpaka ngazini. Mama Ndinda alipika nyama ile kwa viazi na bizari, akatoa na muthokoi, na kabla ya watu kuanza Mzee Seif alisimama na sahani yake akasema mbele ya wote, "Mwanamke amechinja, na mimi nakula." Watu wakapiga makofi. Mutiso akahadithia dubu, akiiga sauti yake, akijiangusha kwenye zulia, na watoto wake, Ndinda na mdogo wake, wakamrukia mgongoni. Ningependa kusema kwamba nilikaa pembeni nimejawa na haya. Ukweli ni kwamba nilifurahia. Niliulizwa dubu alikuwa na macho gani, nami nikajibu: ya kahawia. Hilo la macho Mutiso hakulisema, nililitoa mimi mwenyewe, bure, na tangu siku hiyo sikuweza tena kusema uongo ule ni wake.

Bastola nilimrudishia kabla hatujashuka garini, na sikuivaa tena. Msimu uliofuata nilisema nimepewa zamu za wikendi. Uraia niliupata. Siku ya kiapo yeye ndiye aliyenipeleka, na njiani, taa nyekundu, ndipo tulipozungumza jambo lile kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nilimwambia, "Sikupiga hodi." Akasema, "Nilivua koti." Taa ikawaka kijani. Miaka ikapita. Mzee Seif alirudi Tanga akafia huko. Mimi nikahamia Greenbelt, nikaolewa, nikasoma, wakaacha kuniita mpenzi kazini. Mutiso aliendelea kuwinda na vijana wengine wachinjaji, na kwa ninavyojua hakuna dubu mwingine aliyetokea.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya maziko, nilikwenda Riverdale Park mapema kumkuta Mama Ndinda kabla ya watu. Alikuwa jikoni anamenya viazi. Juu ya meza palikuwa na karatasi za ibada, zimechapwa tayari, picha ya Mutiso amevaa suti, na ndani, baada ya wimbo wa pili, imeandikwa: Simulizi ya Dubu, Shangazi Zuhura. Ndinda, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alikuwa amezichapisha mwenyewe. Alinisalimu kwa Kiingereza, akaniambia kwa Kiingereza hicho hicho kwamba watoto wake wanangoja kwa hamu, akatoka kwenda kuchukua barafu. Nikavuta kiti. Nikachukua kisu nimsaidie viazi, nikakiweka chini.

"Dada, hapakuwa na dubu."

Nilimwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa. Kichaka, hodi, sweta aliyoifuma. Aliendelea kumenya mpaka nilipofika kwenye sweta, akaacha. Nilipomaliza nilinyoosha mkono kumgusa.

"Usinishike," alisema.

Nikaurudisha mkono. Maji yalikuwa yanadondoka sinkini. Nilijua atanifukuza, na nilikuwa nimekwisha kukubali.

"Ilipita upande gani?" aliuliza.

"Karibu na sikio."

"Sikio gani, Zuhura?"

"La kushoto."

Alikaa chini polepole, bado na kiazi mkononi. "Kushoto," alisema. "Mimi hulala kushoto kwake, naye hulalia sikio la kulia. Mimi husema nikishalala, mchana nina watu wa hospitali, nafasi yangu ni hiyo. Miaka yote nikiongea hajibu. Nikajua ananipuuza. Nikamwambia tuende kwa daktari wa masikio, akakataa kabisa, akasema ni injini ya basi, atazoea." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kuna mwaka nilimwambia naondoka. Nilikuwa nimefika mwisho. Nikamwambia, Mutiso, nimechoka, nachukua watoto naenda kwa dada yangu. Nikangoja. Hakusema kitu. Asubuhi akaniuliza kama kuna mkate."

Nililia, na sikulia vizuri.

"Nikasema, huyu mtu hata kumwacha hajali. Nikabaki tu, kwa ajili ya watoto, nikamnunia miaka, watoto wakiona." Akacheka, au akalia, sijui, wuui, wuui, mpaka kiazi kikamtoka mkononi. "Kumbe hakusikia. Zuhura, kumbe mtu wangu hakusikia."

"Nisamehe, dada."

"Hiyo tutaongea siku nyingine. Sasa sina nguvu ya hiyo." Alivuta moja ya zile karatasi za ibada, akaisoma kana kwamba haijui, akaisukuma kwangu. "Kesho utasimama. Utasema vile umeniambia mimi. Yote."

"Mbele ya watu, dada? Ndinda na watoto wanangoja dubu."

"Ndinda ndiye nataka asikie. Alikua akijua baba yake hanijali. Sema hiyo ya sikio. Dubu wamsahau."

Jumamosi kanisa lilijaa mpaka nje. Baada ya wimbo wa pili waliniita, na watoto wa Ndinda wakasogea mbele ya kiti kunitazama. Nilishika kipaza sauti nikaanza kwa sauti ndogo, ile ya mtu anayetaka isisikike. Mama Ndinda, kiti cha mbele kabisa, mbele ya jeneza, alininyooshea kiganja na kukipandisha juu, mara mbili, ili niseme kwa nguvu. Nikaanza upya.